Muulize Mara Mbili

Shida ilikuwa mikono.

Pindo alisimama mlangoni pa mgahawa wa ghorofani, saa nne asubuhi, amevaa gauni la rangi ya maziwa alilolishona mwenyewe kwa wiki tatu za kuibia ibia muda, na mikono yake miwili haikujua pa kwenda. Aliiweka kwenye mkoba, akaitoa. Akaikunja kifuani, akajiona kama mtu aliyekuja kugomba. Akaishusha tena. Jamani, miaka sita mtu ameshika kiti cha magurudumu, beseni, kijiko na mto, halafu siku moja anaambiwa nenda, usishike kitu! Hata kutembea kulimshinda. Njia nzima, kila alipofika ukingo wa barabara, alijikuta anasimama na kutafuta mahali penye mteremko wa kushushia magurudumu ambayo hakuwa nayo.

"Umesimama kama fundi aliyepoteza mkasi," sauti ilisema nyuma yake.

Aligeuka. Moyo nao ukageuka.

Alikuwa Miwani. Watu walimwita hivyo si kwa sababu anavaa miwani, la hasha, macho yake yalikuwa mazima, tena mazuri kupita haki ya mwanamume mmoja. Kazi yake ilikuwa kusaga lenzi katika chumba kidogo nyuma ya duka la miwani, na vidole vyake vilikuwa na alama nyeupe za vumbi la kioo. Yeye Pindo naye aliitwa hivyo kwa ustadi wake. Gauni, suruali, pazia la ukumbi, hakukuwa na pindo lililowahi kumshinda.

"Nimekuja mapema," alisema Pindo.

"Na mimi nimekuja mapema kukuzidi. Nilikuwa pale ng'ambo, nakutazama unapigana na mikono yako."

"Muongo!"

"Haki ya Mungu. Nikasema niache kidogo, nione nani atashinda."

Walicheka, kisha kicheko kikaisha na wakabaki wanatazamana. Hakukuwa na kitu katikati yao. Kwa mwaka mzima walikuwa wanakutana kila Jumanne kwenye kliniki ya mazoezi ya viungo, katika foleni moja, yeye nyuma ya kiti cha mama yake aliyepigwa na kiharusi, Miwani nyuma ya kiti cha baba yake, mkuu wa stesheni mstaafu, ambaye magoti yalimgomea na kumbukumbu ikafuata. Ndipo walipopendana, juu ya vichwa vya wazazi wao. Maneno yote matamu waliyowahi kuambiana yalipita juu ya kilemba cha mama mmoja anayesinzia na kofia ya mzee mmoja anayesubiri treni. Hawakuwahi kushikana mikono, wala si kwa utawa. Mikono ya kushikana haikuwepo.

"Tupande juu," Miwani alisema. "Nimeomba meza ya dirishani."

* * *

Walikuwa na siku tatu, na siku hizo tatu zilipatikana kwa tabu.

Nyuma ya hospitali kulikuwa na nyumba nyeupe yenye veranda pana, iliyoitwa Nyumba ya Pumziko. Mtu anayemuuguza mgonjwa wake nyumbani aliweza kumleta pale kwa siku chache, akatunzwa vizuri, na yeye mwenyewe akaenda kulala, kuoga bila haraka, kukumbuka jina lake. Miwani alishampeleka baba yake mara mbili. Alimwambia Pindo habari hizo miezi minane iliyopita, na Pindo akamjibu kwamba mama yake si mzigo wa kuwekwa stoo.

Kilichombadilisha ni kidole. Mwezi uliopita alisinzia akiwa kwenye cherehani, sindano ikapita juu ya ukucha ikatokea chini. Hakupiga kelele, alikaa tu anakitazama kidole kilichoshonwa kwenye kola ya shati la mteja. Mama yake aliona yote kutoka kitandani. Tangu kiharusi kimpige, mama alikuwa anasema kwa kupima, maneno matatu matatu, maana zaidi ya hapo ulimi ulimchoka. Siku ile akasema matatu yake:

"Nenda ukapumzike, mwanangu."

Sista mkuu wa Nyumba ya Pumziko, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kengele, alimpa Pindo daftari jipya lenye jalada la bluu.

"Ugonjwa wake umo kwenye faili, huo niachie mimi," alisema. "Wewe niandikie mtu. Anaamkaje, anakulaje, anapenda nini, anachukia nini, akinyamaza ana maana gani. Wasaidizi wangu wanafuata daftari neno kwa neno. Daftari likisema asiguswe sikio, hapa hakuna atakayemgusa sikio."

Pindo aliliandika jioni mbili mfululizo kwenye meza ya kukatia nguo, macho yakimfunga, kichwa kikimwangukia kwenye karatasi. Kurasa kumi na moja. Alipomaliza hakurudia kusoma. Angesoma saa ngapi?

Halafu kaka yake mkubwa akasikia. Kaka huyu alikuwa na duka la vigae, gari safi, na desturi ya kumtembelea mama mara moja kwa mwezi na mfuko wa machungwa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndiyo maana aliweza kusimama katikati ya chumba, mikono mfukoni, na kusema yafuatayo:

"Mama ana watoto wawili wazima, halafu anakwenda kulala kwa watu baki? Watu watasemaje?"

"Waambie waje wasaidie kumgeuza usiku," Pindo alijibu.

"Usinijibu hivyo, mimi kaka yako. Najua kinachokusukuma. Ni yule msaga vioo. Mtu mwenyewe ana mgonjwa wake, wewe una wako, mnataka kuoana au mnafungua hospitali?"

Swali hilohilo ndilo Pindo alilokuwa akijiuliza mwenyewe kila alfajiri.

* * *

Meza ya dirishani ilikuwa na kitambaa cheupe, na pazia jepesi lilikuwa linavuta pumzi kwa upepo, linajaa, linatulia. Chini barabara ilikwenda na mambo yake, lakini kelele zilifika juu zimekuwa laini. Mhudumu alileta chai, mkate na siagi. Pindo alikiacha kikombe chake kikae. Alikata mkate, akatoa ile sehemu laini ya katikati akaiweka pembeni ya sahani vizuri, akaanza kutafuna ukingo.

"Ya katikati unamwekea nani?" Miwani aliuliza.

Pindo alitazama sahani, akaona aibu. "Mazoea," alisema. "Mama hawezi kutafuna ukingo."

"Na chai yako imepoa."

"Ndivyo inavyonywewa kwetu. Mtu akipata nafasi ya kuinywa huwa imeshapoa."

Miwani hakucheka. Alimtazama kwa yale macho ya kazini, macho ya mtu anayeinua kioo kwenye mwanga kutafuta mkwaruzo usioonekana. Pindo akahisi joto linapanda shingoni. Hivi mtu anatazamwaje hivyo mchana kweupe na asiyeyuke?

"Nina neno," Miwani alisema hatimaye. "Nilitaka tule kwanza, lakini litanikaba. Dada yangu alipiga simu jana. Amepata nyumba kubwa huko kwake, ina chumba cha baba na chumba changu. Jirani yake ana karakana ya lenzi, anahitaji fundi. Anataka tuhamie. Tikiti ni za Jumatatu."

"Jumatatu hii?"

"Hii hii. Nikimchukua baba pale Pumziko, tunakwenda moja kwa moja stesheni."

Pazia likajaa upepo, likatulia.

"Ni jambo jema," Pindo alisema, na akashangaa jinsi sauti yake ilivyokuwa nzima. "Dada yako atakusaidia. Utalala."

"Pindo, sikukuita hapa nikuage. Nimekuita nikuulize. Nikioa, nataka nikuoe wewe, na mama yako aje na kiti chake, na baba aje na treni zake, tuone nyumba itakuwaje. Dada nimemwambia nitampa jibu. Ukisema baki, nabaki. Ukinyamaza, nitajua."

Ee Mungu wangu. Maneno aliyoyaota akiwa anafua mashuka, haya hapa yamekuja, na yeye anatazama mkate. Aliwaza uso wa kaka. Aliwaza Miwani akiwa na viti viwili vya kusukuma, mgongo unapinda kabla ya wakati wake. Unampenda mtu halafu unamwongezea mzigo? Huko si kumpenda, ni kumtwisha.

"Mbona umenyamaza? Una nini?" Miwani aliuliza taratibu.

"Sina neno."

Miwani akainamisha kichwa. Alikuwa mwanamume mwenye adabu. Mtu akimwambia hana neno, alimwamini.

"Nipe dakika tano tu nifikiri," Pindo alinong'ona.

"Chukua kumi."

Alihama kiti akaja kukaa kwenye benchi refu la dirishani, upande aliokuwa Miwani, ili asiendelee kutazamwa. Jua lilikuwa limelipasha benchi joto. Bega la Miwani lilinuka sabuni na vumbi la kioo. Pindo aliweka kichwa pale, kwa ajili ya kufikiri tu. Pazia likajaa, likatulia. Likajaa. Aliona kitambaa kirefu cheupe kinapita chini ya sindano, hakina mwisho wala hakina mteja anayekisubiri, na mtu fulani alikuwa anamwambia, shona polepole, hakuna haraka, hakuna haraka.

* * *

Aliamka mwanga umehama meza.

Chai ilikuwa imeondolewa. Mhudumu alikuwa anapita kwa kunyata, kidole mdomoni, akiwaonya wateja wa meza ya pili. Na Miwani alikuwa amelala naye! Kichwa chake kilikuwa juu ya kichwa cha Pindo, mdomo wazi kidogo, mkono umekufa ganzi chini ya shingo yake. Watu wawili waliosubiri mwaka mzima siku ya kuwa pamoja, wameipata, na wameilala yote.

"Miwani! Saa ngapi?"

"Eh? Baba anataka nini?" alishtuka, kisha akaona yuko wapi, akaanza kucheka. "Saa nane. Tumelala saa tatu na zaidi."

Pindo alicheka mpaka machozi. Hakukumbuka lini mara ya mwisho alilala saa tatu bila kuitwa. Mwili wake ulikuwa mwepesi, kama wa mtu mwingine mwenye bahati. Halafu akatoa simu mkobani, na kicheko kikamkauka. Simu alikuwa ameinyamazisha. Kaka alikuwa amepiga mara kumi na moja, na kulikuwa na ujumbe mmoja: *Mama analia tangu saa tano, hataki kula. Umefurahi?*

* * *

Walikimbia. Safari hii hakutafuta mteremko wowote.

Nyumba ya Pumziko ilikuwa na kimya cha mchana. Katika veranda, viti vya magurudumu viwili vilikuwa vimewekwa ubavu kwa ubavu kivulini. Kwenye kimoja alikaa mzee mwenye kofia ya stesheni, baba yake Miwani, ambaye aliinua mkono kwa heshima alipowaona wanakuja mbio.

"Msikimbie, abiria," alisema. "Treni imechelewa. Kaeni mpumzike."

Kwenye cha pili alikuwa mama, macho mekundu, daftari la bluu mapajani. Kaka alikuwa amesimama mbele yake, funguo za gari mkononi.

"Haya, bibi harusi amefika!" kaka alisema. "Mama anamwaga machozi, wewe simu umeizima, uko wapi? Na huyu? Nimeshasema tunamchukua sasa hivi, tunarudi nyumbani, na upuuzi huu mwisho leo."

"Mama!" Pindo alipiga magoti. "Wamekufanya nini? Nisamehe, mama. Tunarudi. Nakuchukua, twende nyumbani."

Miwani alikuwa amesimama nyuma kidogo. Alisikia lile neno *tunarudi*, na Pindo alijua kwamba amelisikia na amelichukua kuwa ndilo jibu lake. Hakuthubutu kugeuka kumtazama.

Sista alitoka ndani anafuta mikono. "Jamani tusihukumiane kabla ya kusikilizana. Hapa mama hakufanywa kitu ila kufuatwa daftari. Jana tumempa chai ya vuguvugu bila sukari, kama ilivyoandikwa. Akaiacha. Tumempa ukingo wa mkate, kama ilivyoandikwa. Akautazama tu. Usiku tumemlaza ubavu wa kushoto karibu kabisa na ukingo wa kitanda, akalalamika. Leo asubuhi tumemletea tena chai ileile. Akaniuliza, 'Chai gani hii?' Nikamwambia, mama, ndivyo mwanao alivyoandika kwamba unapenda. Akasema, 'Nisomee hilo daftari.' Nikakaa hapa nikamsomea kurasa zote kumi na moja. Nilipofika ya nne ndipo alipoanza kulia."

Pindo hakuelewa. "Lakini mama anakunywa ya moto. Sukari vijiko viwili. Mimi siwezi kuandika..."

"Soma mwenyewe, mwanangu," Sista alisema.

Alilichukua daftari. Mwandiko ulikuwa wake, umelegea, mistari inateleza kuelekea chini. *Chai iwe vuguvugu, sukari hakuna haja. Mkate apewe ukingo, wa katikati uwekwe pembeni. Hulala ubavu wa kushoto, mwisho kabisa wa kitanda, ili asikie akiitwa. Akiamshwa asiitwe jina, aguswe bega, maana jina humshtua. Anapenda dirisha la asubuhi liwe wazi kidogo, aone watu wanaokwenda kazini. Jumanne huwa na furaha, avalishwe vizuri.*

Damu ilimpanda usoni. Aliandika nini? Aliandika nani?

"Hayo si yangu," mama alisema. Kila neno lilipita kwenye ulimi mzito kama mtu anayepanda ngazi. Akapumzika. "Hayo ni yako."

"Mama, nilikuwa nasinzia, nimechanganya, sikuwa..."

"Miaka sita, sikujua." Mama aliinua mkono wake mzima, wa kushoto, akamgusa shavu. "Chai baridi, mwanangu. Ukingo wa mkate."

Kaka aliangalia huku na huku, funguo zikilia kidoleni. "Sasa hilo la chai ndilo la kulilia kutwa nzima? Makosa ya daftari tu. Twendeni nyumbani, nitaongea na Pindo huko."

"Wewe nyamaza kwanza," mama alisema.

Kaka alizibana funguo kiganjani. Mzee wa stesheni akamtazama kwa huruma, akamwambia, "Hata mimi ananiambia hivyohivyo."

Mama alivuta pumzi. "Sirudi mpaka Jumatatu. Hapa napapenda mimi." Akapumzika tena, macho kwa mwanawe wa kiume. "Jumapili zote zako."

"Zangu za nini, mama?"

"Kunilisha. Kunisukuma. Kunisikiliza."

Pengine ndiyo mara ya kwanza kaka alizitazama funguo zake akaona hazimsaidii kitu. Aliziweka mfukoni, akavuta kiti cha plastiki, akakaa karibu na mama yake bila kujua aanze na nini. Sista, asiyekawia, akampa kijiko na bakuli la uji.

Kisha mama akalichukua daftari kutoka mikononi mwa Pindo. Akamtazama Miwani, aliyekuwa amesimama kwenye ngazi ya veranda, tayari kwa kuondoka.

"Kijana, njoo hapa."

Miwani alisogea akainama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Jumanne nasikia." Mdomo wa mama, ule upande uliobaki mzima, ulipanda juu kwa tabasamu. "Huwa sisinzii kweli."

Pindo alitamani sakafu ifunguke. Mwaka mzima! Maneno yote yale! Yule mama na kilemba chake na macho yaliyofungwa! Miwani alishika kichwa chake kwa mikono miwili, na mzee wa stesheni akacheka bila kujua anacheka nini.

Mama alinyoosha mkono wa kushoto. Daftari la bluu lilitetemeka hewani kati yao.

"Shika, hili lake," alisema. Miwani alilipokea kwa mikono miwili. "Mtunze hivyo hivyo."

Kaka aligeuka na kijiko hewani, akataka kusema neno, akatazamwa na mama, akaendelea kulisha.

* * *

Pindo alikwenda mwisho wa veranda, mahali paliponing'inizwa mashuka yaliyofuliwa. Alihitaji mahali pa kuficha uso. Mashuka yalikuwa yanajaa upepo na kutulia, meupe, yananukia jua. Miwani alimfuata, amefungua daftari, anasoma polepole kama mtu aliyepewa barua iliyochelewa miaka. Alifika ukurasa wa kumi na moja. Akaurudia mstari wa mwisho.

Aliinua macho.

"Una nini, Pindo?"

"Sina neno," alisema haraka. Maneno yalimtoka tu, kwa mazoea.

Miwani hakuinamisha kichwa safari hii. Aliingiza kidole kwenye ukurasa, akausoma kwa sauti ya chini. "*Akinyamaza, muulize mara mbili. Mara ya kwanza atasema hana neno.*" Akalifunga. Akasogea mpaka viatu vyao vikagusana.

"Una nini?"

Basi hapo ndipo kila kitu kilipokatika. Pindo alilia kwa sauti, bila kujali nani anasikia, kama mtoto aliyepotea sokoni akaonekana.

"Nimechoka," alisema. "Nimechoka mpaka sijui nani amechoka. Naogopa nikikwambia ubaki utachoka kama mimi, halafu utanichukia. Na naogopa nisipokwambia nitakutafuta kila Jumanne kwenye ile foleni mpaka nife. Nakupenda, Miwani. Usiende. Baki."

"Rudia la mwisho."

"Baki!"

"Nimelisikia la kwanza. Nilitaka tu kulisikia tena." Na machozi yalikuwa yanamtoka naye, yule mwanamume mwenye macho mazima. Alimshika mikono. Mikono yote miwili, yenye alama za sindano, ndani ya mikono yenye vumbi la kioo. Ilikuwa mara ya kwanza, na hakuna kati yao aliyekuwa na kingine cha kushika. Walisimama hivyo katikati ya mashuka mpaka Pindo akasahau kwamba kuna jambo linaloitwa saa.

Waliporudi, Miwani alichuchumaa mbele ya baba yake. "Baba, Jumatatu hatusafiri."

"Si nilikwambia?" mzee alijibu. "Imechelewa."

Sista alileta chai kwenye sinia. Alimimina ya mama, ya moto, vijiko viwili. Kisha akamgeukia Pindo, akasita, akaliangalia lile daftari mkononi mwa Miwani.

"Yako ya vuguvugu, mwanangu?"

Pindo alifikiri. Mtu mzima, anafikiri swali la chai! "Sijui," alisema kweli. "Sijui kama naipenda au niliizoea tu. Nipe ya moto. Nitie sukari."

Alikunywa. Ilimuunguza ulimi, akaruka, akacheka, akanywa tena, na utamu ukamshuka mpaka kwenye vidole vya miguu. Mama alikuwa anamtazama juu ya kikombe chake, na kaka alikuwa anatazama wote wawili, kijiko mkononi, kama mtu aliyeingia kwenye nyumba yake na kukuta chumba asichokijua.

"Vipi?" Miwani aliuliza.

"Ongeza kijiko."

Miwani aliomba kalamu kwa Sista. Aliweka daftari juu ya goti, akaukata mstari ule wa chai, akaandika juu yake kwa mwandiko mdogo wa fundi: *Moto. Sukari vijiko vitatu.* Akafuta na wa mkate, akaandika *apewe wa katikati*. Akafuta na wa kulala mwisho wa kitanda. Aliendelea hivyo, ukurasa kwa ukurasa, akimuuliza, na Pindo akijibu, mara nyingine kwa kusema hajui bado, naye akaandika *hajui bado*.

Alipofika mstari wa mwisho wa ukurasa wa kumi na moja, alifunika kalamu. Ule hakuufuta.